Uchungu wa Lafey Hausomwi kwa Saa ya Nairobi

Leo tunazungumzia swali ambalo kila mjamzito aliyefika miezi ya mwisho hujiuliza, na mama mkwe wake hujiuliza pia, na mumewe kama hayuko malishoni: huu ndio uchungu wenyewe, au ni tumbo tu linalokaza na kuachia? Vitabu vya ukunga vina majibu mazuri ya swali hilo, na nitayaeleza hapa kwa kituo. Lakini hoja yangu ni kwamba kwa mama wa huku Kaunti ya Mandera, awe wa Lafey, wa Fino, wa Warankara, wa Sala au wa Alungu, majibu hayo peke yake hayamtoshi. Kanuni za kutambua uchungu tunazofundishwa zilitungwa kwa ajili ya mtu anayeishi karibu na hospitali. Zinamwambia wakati wa kuondoka nyumbani, zikichukulia kwamba safari iliyobaki ni ya robo saa au nusu saa. Mama ambaye kati yake na chumba cha upasuaji kuna makumi ya kilomita za vumbi, malaga, yaani mito ya msimu, na barabara ambayo madereva huiogopa usiku, anaweza kuzifuata kanuni hizo neno kwa neno na bado akachelewa. Kwa hiyo nitajaribu kuonyesha kwamba huku kwetu dalili za uchungu lazima zisomwe pamoja na barabara, na kwamba uamuzi mkubwa wa safari unapaswa kufanywa kabla dalili hizo hazijaanza.

Tuanze na tumbo lenyewe. Mfuko wa uzazi ni msuli, na msuli huo haungoji siku ya kujifungua ndipo uanze kazi. Miezi mingi kabla ya siku hiyo hukaza kwa muda mfupi, kisha ukalegea. Daktari Mwingereza John Braxton Hicks aliueleza mkazo huo mwaka 1872, na vitabu vya tiba vinautaja kwa jina lake hadi leo, ingawa wanawake waliozaa walikuwa wakiujua tangu zamani. Uchungu huu wa bandia hauna utaratibu. Unakuja mara mbili ndani ya dakika kumi, halafu unapotea saa nzima. Mama akitembea, akilala ubavu, akinywa maji au akienda haja ndogo, mara nyingi hutulia. Uchungu wa kweli una mwendo wake. Aghalabu huanzia kiunoni ukazunguka hadi mbele, vipindi vyake vinakaribiana, kila mkazo unadumu zaidi kuliko uliotangulia, na kutembea hakuuzuii. Mama anaweza kuzungumza vizuri kati ya mkazo na mkazo, lakini mkazo wenyewe ukifika maneno humkatikia. Mkono juu ya tumbo nao ni kipimo: wakunga hufundishwa kwamba mkazo hafifu ukiugusa ni kama ncha ya pua, wa wastani ni kama kidevu, na wenye nguvu ni kama paji la uso. Kipimo hicho hakihitaji umeme. Pamoja na mikazo huweza kutoka ute mzito wenye michirizi ya damu, na chupa huweza kupasuka kwa mara moja au ikavuja kidogo kidogo hadi mama akadhani ni mkojo.

Kuna jambo la mazingira yetu ambalo vitabu vya nchi za baridi havilisisitizi sana. Mwili uliokaukiwa na maji huweza kuamsha mikazo isiyo ya uzazi, na maambukizi ya njia ya mkojo hufanya vivyo hivyo. Katika nchi yenye joto kama la Mandera, ambako mjamzito huenda ametoka kisimani na mtungi mgongoni na yeye mwenyewe hajanywa, mikazo ya namna hiyo si ajabu. Maji ya kutosha na mapumziko ya saa moja yanaweza kutoa jibu ambalo kubahatisha hakutoi. Na kwa kuwa mwezi wa Ramadhani humkuta kila mwaka mama aliye katika hali hii, tukumbuke kwamba dini imempa mjamzito anayehofia nafsi yake au mtoto wake ruhusa ya kula na kulipa baadaye. Lakini kuna mpaka: mikazo yenye utaratibu inayoanza kabla ya wiki ya 37 haingojewi itulie nyumbani. Hiyo ni dalili ya mtoto kutaka kuzaliwa kabla ya kukomaa, na inahitaji mtaalamu siku hiyohiyo.

Sasa tuje kwenye kanuni maarufu. Katika miji mingi ya dunia mjamzito huambiwa hivi: mikazo ikija kila baada ya dakika tano, kila mmoja ukidumu dakika moja, na hali hiyo ikaendelea kwa saa nzima, nenda hospitali. Ni kanuni nzuri mahali ilipozaliwa, kwa sababu inazuia safari za bure na haimwachi mama kitandani leba siku mbili kabla ya wakati wake. Lakini ina sharti ambalo halitamkwi, nalo ni ufupi wa safari. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, linasema kwamba hatua ya uchungu mkali huhesabiwa kuanzia mlango wa kizazi unapofunguka sentimita tano, na kwamba kwa kawaida haizidi saa 12 kwa uzazi wa kwanza na saa 10 kwa uzazi unaofuata. Huo ni ukomo wa juu. Mama wa uzazi wa tano au wa sita anaweza kuimaliza hatua hiyo kwa saa chache sana. Sasa tufanye hesabu ya kawaida. Mikazo imeanza baada ya magharibi, na saa tatu usiku kanuni imetimia. Gari linatafutwa, mwenye gari anatafutiwa mafuta, baba wa mtoto anapigiwa simu mahali ambapo mtandao unashika ukiachia, wazee wanaulizwa kama njia ni salama, na jibu linakuwa tusubiri alfajiri. Mama huyo hakukosea kusoma dalili zake hata moja. Aliyemsaliti ni ile kanuni, kwa kuwa haikuwahi kuhesabu saa tisa za kungoja mwanga.

Katika mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walipanga visababishi vya vifo vya wazazi katika ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta tiba, kuchelewa kufika kituoni, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Mpangilio huo umetumiwa duniani kote tangu wakati huo, na ukiuweka juu ya ramani ya Lafey unaona kitu kinachoumiza. Ucheleweshaji wa pili na wa tatu uko nje ya uwezo wa familia. Barabara ya mpakani inayopita Lafey kati ya Elwak na Mandera imeandamwa kwa miaka mingi na mashambulizi ya al-Shabaab. Tarehe 22 Novemba 2014 basi lililokuwa likitoka Mandera kwenda Nairobi lilitekwa karibu na Omar Jillo na watu 28 wakauawa, na baada ya hapo walimu na wahudumu wa afya wengi waliotoka kaunti nyingine waliondoka. Aprili 2019 madaktari wawili raia wa Cuba walitekwa nyara mjini Mandera wakielekea kazini. Mwisho wa mwaka 2023 mvua za El Nino zilifurika Mandera, Wajir na Garissa, na mji wa Elwak wenyewe ukazingirwa na maji. Hakuna mjamzito anayeweza kuisawazisha barabara hiyo kwa kujua tofauti ya uchungu wa kweli na wa bandia. Kitu pekee ambacho nyumba inakitawala ni ule uamuzi wa kwanza, na uamuzi wa kwanza ukifungwa kwenye mkazo wa kwanza, umeshachelewa.

Takwimu zinasema nini? Makadirio yaliyotokana na sensa ya mwaka 2009, ambayo Shirika la Idadi ya Watu la Umoja wa Mataifa liliyatangaza sana mwaka 2014, yaliipa Mandera vifo 3,795 vya wazazi kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Wapo waliouliza kama hesabu hiyo ni sahihi, na walikuwa na haki ya kuuliza, kwa sababu kukadiria vifo katika jamii inayohamahama kwa kutumia sensa ni kazi ngumu. Makadirio ya sensa ya 2019 yalikuwa ya chini zaidi: nchi nzima 355, na Garissa, iliyo pamoja nasi Kaskazini Mashariki, 641. Hata tukishika tarakimu hizi ndogo, Garissa inakaribia mara mbili ya wastani wa Kenya. Utafiti wa Hali ya Watu na Afya wa mwaka 2022 nao ulionyesha kwamba wazazi 89 kati ya 100 nchini walizalishwa na mtaalamu, lakini katika Mandera waliopata mtaalamu walizidi nusu kwa kidogo tu. Mtu anaweza kubishana kuhusu tarakimu ya 2009 hadi kesho. Mwelekeo haubishaniwi.

Na miili ya wanawake wetu nayo inabeba sababu za ziada. Utafiti huohuo wa 2022 uliipa Mandera kiwango cha juu kabisa cha uzazi nchini, watoto 7.7 kwa kila mwanamke, huku wastani wa Kenya ukiwa 3.4. Mfuko wa uzazi uliozaa mara nyingi huweza kuzaa kwa haraka, lakini baada ya mtoto kutoka huweza pia kukataa kukaza, na damu ikamwagika. Mama anayevuja damu hivyo bila tiba anaweza kufa ndani ya takriban saa mbili. Jambo la pili ni ukeketaji, ambao sheria ya Kenya iliuharamisha mwaka 2011 lakini ambao wanawake wengi mno wa Kaskazini Mashariki wazaao leo walishapitishwa, wengi wao kwa ile namna ya kushonwa. Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwaka 2006 utafiti wa wanawake zaidi ya 28,000 katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwemo. Wale waliokeketwa kwa namna hiyo ya kushonwa, wakilinganishwa na wasiokeketwa, walikuwa na hatari ya kutokwa damu nyingi baada ya kuzaa iliyozidi kwa asilimia 69, na ya kuzaa kwa upasuaji iliyozidi kwa asilimia 31. Vifo vya watoto wao viliongezeka kwa asilimia 55. Kwa hiyo mama wa Lafey yuko mbali zaidi na hospitali na wakati huohuo ana sababu nyingi zaidi za kuihitaji. Hatari hizi mbili hazijumlishwi tu. Kila moja inaipa nguvu nyenzake.

Ikiwa hoja hiyo imesimama, basi kipimo cha kwanza cha mama wa huku kiwe kalenda, na saa ya mikazo iwe kipimo cha pili. Na kalenda tunayo, kwa kuwa watu wetu huhesabu kwa mwandamo wa mwezi. Mwezi mwandamo una siku 29 au 30. Mimba huhesabiwa siku 280, yaani wiki 40, kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Chukua mfano wa mama ambaye hedhi yake ya mwisho ilianza mwandamo wa Muharram. Shaaban ikiisha ametimiza miezi minane, sawa na karibu wiki 34. Mimba yake itahesabiwa imekomaa, yaani wiki 37, kwenye tarehe 23 ya Ramadhani hivi. Siku ya Idi atakuwa na wiki 38, na siku anayotarajiwa kujifungua ni katikati ya Shawwal. Pendekezo langu ni rahisi: mwezi wa tisa ukiandama, nyumba iwe imekwisha kujua mama atakwenda wapi, kwa gari la nani, na nani atabaki na watoto. Mwezi huo ukifika katikati, mama awe tayari yuko karibu na hospitali inayoweza kumpasua na kumwongezea damu. Wapo wanaoshika mimba wakiwa bado wananyonyesha, hedhi haijarudi, na hao hawana siku ya kuanzia kuhesabu. Dawa yao ni kwenda kliniki mapema, kwa sababu picha ya tumboni inayopigwa kabla ya wiki ya 24 hukadiria umri wa mimba vizuri zaidi kuliko ile ya miezi ya mwisho.

Wazo la kusubiri karibu na hospitali si jipya na si la Nairobi. Jirani zetu wa Ethiopia wamelijaribu kwa miaka mingi. Hospitali ya Attat, katika eneo la Wagurage, ina nyumba ya kusubiria wajawazito tangu miaka ya 1970, ambako mama mwenye mimba ya hatari anakuja na jamaa yake, wanajipikia, na uchungu unapoanza hatua ni chache tu. Watafiti walipitia kumbukumbu za miaka 22 za hospitali hiyo na kuzichapisha mwaka 2010. Kati ya waliosubiri pale, vifo vya wazazi vilikuwa takriban 90 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Kati ya waliokuja moja kwa moja kutoka nyumbani, vilikuwa zaidi ya 1,300. Msikilizaji makini atasema: hapo hamlinganishi vitu vinavyofanana, maana wengi wa waliotoka nyumbani walikuja kwa sababu mambo yalikuwa yameshaharibika. Ni kweli kabisa, na tusiuchukue utafiti huo kana kwamba nyumba ya kusubiria peke yake ilipunguza vifo kwa kiasi hicho chote. Lakini tazama pingamizi hilo linasema nini lenyewe. Linasema kwamba mtu anayengoja dalili akiwa mbali hufika akiwa ameharibikiwa. Hiyo ndiyo hoja yangu. Shirika la Afya Duniani lenyewe, mwaka 2015, lilipendekeza nyumba kama hizo kwa sehemu za mbali zisizofikika kwa urahisi.

Kuna pingamizi la kitaalamu linalostahili heshima. Wakunga wenyewe wanajua kwamba mama anayelazwa leba mapema mno, mlango wa kizazi ukiwa bado haujafunguka vya kutosha, huishia kuongezewa dripu ya kuharakisha uchungu au kupelekwa kwenye upasuaji ambao huenda asingeuhitaji. Je, kumwita mama mapema siyo kumtia katika mtego huo? Jibu ni kutenganisha mambo mawili ambayo tumezoea kuyachanganya: kuwa karibu na kulazwa. Mama aliye kwa shangazi yake mjini Mandera, dakika chache kutoka hospitali ya rufaa ya kaunti, hajalazwa popote. Anakula, anaswali, anatembea, anapokea wageni. Huyo sasa ndiye mtu wa ile kanuni ya dakika tano. Mikazo ya bandia ikimpata, anaingoja itulie bila hofu, na akienda hospitali akaambiwa bado, anarudi kwa miguu bila hasara ya mafuta wala ya heshima. Ninasema heshima kwa sababu aibu ya kurudishwa ni jambo zito. Mwanamke aliyefanya ukoo mzima uchange nauli, kisha akaambiwa uchungu wake ni wa uongo, safari ijayo atanyamaza mpaka asiweze kunyamaza tena. Wahudumu wanaowakaripia akina mama waliofika mapema wajue kwamba wanawafundisha kuchelewa.

Pingamizi la nyumbani ni gumu zaidi. Nani atawaacha mbuzi na watoto sita kwa wiki nne akakae mjini? Na gharama je? Sitalipuuza swali hili, kwa sababu mwanamke wa boma ndiye anayebeba maji, anayekamua na anayepika, na kuondoka kwake ni hasara inayoonekana siku ya kwanza. Lakini tuzipime hasara mbili kwa mizani moja. Wiki nne za kuazima mikono ya dada au ya binamu ni deni linalolipwa dada huyo naye anapofika mwezi wake wa tisa. Kuzaa bila mtaalamu kukiharibika, mikono ya mama haipotei kwa wiki nne tu. Jamii ya Wasomali ina mtandao wa ukoo ambao unachangia dia, unachangia ada ya shule na unapokea wageni bila kuuliza wataondoka lini. Ukoo unaoweza kufanya hayo unaweza kumpa mjamzito mkeka Mandera, Elwak au Garissa. Upande wa malipo, serikali iliondoa ada ya kujifungua katika vituo vya umma tarehe 1 Juni 2013, mpango wa Linda Mama ukafuata, na tangu Oktoba 2024 mambo hayo yamo chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Usajili huo una taratibu zake, kwa hiyo ukamilishwe siku za kliniki. Usiku wa uchungu si wakati wa kutafuta kitambulisho.

Wapo watakaosema: mama zetu walizaa nyumbani mikononi mwa umuliso, yaani mkunga wa jadi, na sisi hapa ndio ushahidi. Ni kweli kwamba uzazi mwingi huisha salama popote unapofanyika, na ni kweli kwamba umuliso ana ujuzi wa kumtuliza mzazi ambao chumba cha leba mara nyingi hakina. Lakini ushahidi huo unatolewa na waliobaki. Waliokufa hawapigi simu redioni. Na tatizo la uzazi ni kwamba mama ambaye ujauzito wake ulikuwa safi, aliyezaa salama mara nne, anaweza kutokwa na damu mara ya tano bila onyo lolote. Umuliso hana damu ya kuongeza wala kisu cha kumtoa mtoto aliyekwama. Nafasi yake bora ni kuwa macho ya kwanza na mwenzi wa safari: ajue hesabu ya miezi, aambatane na mama hadi hospitali, na akubaliwe kusimama karibu naye pale. Kuhusu wale wasemao ajali ya mtu imeandikwa, sina ugomvi na imani yao, ila wafugaji wa ngamia ndio wanaojua kuliko mtu yeyote kwamba tawakali haikumzuia mtu kumfunga ngamia wake kwanza. Nao wanaoogopa kisu wana sababu ya kuuliza, kwa kuwa kupasuliwa mara nyingi huongeza hatari kwa mimba zinazofuata. Lakini mama anayefika mapema ana nafasi kubwa ya kuzaa kwa njia ya kawaida chini ya uangalizi. Anayefika baada ya siku mbili za mtoto kukwama ndiye asiyebakiziwa chaguo jingine.

Bado watakuwapo wale ambao mwezi wa tisa utawakuta malishoni, au laga imejaa, au barabara imefungwa. Kwao kanuni ya dakika tano ibadilishwe. Mikazo yenye utaratibu ikionekana hata kwa vipindi vya dakika kumi au kumi na tano, au ute wenye damu ukitoka, au chupa ikipasuka, safari ianze kuelekea kituo kilicho karibu, na simu itangulie. Mhamasishaji wa afya ya jamii apigiwe simu wa kwanza, kwa kuwa serikali iliwatuma wahamasishaji zaidi ya 100,000 nchini Septemba 2023 kwa kazi ya namna hii. Na kuna mambo ambayo hayangojei mkazo wowote: damu nyekundu inayotoka, iwe na maumivu au bila maumivu, kichwa kinachouma sana, macho kuona ukungu au uso na mikono kuvimba, ambazo huweza kuwa dalili za kifafa cha mimba, maji ya chupa yenye rangi ya kijani, homa, mtoto aliyepunguza kucheza, na maumivu ya tumbo yasiyoachia hata kidogo. Vivyo hivyo kila mama aliyewahi kupasuliwa, mikazo ikianza tu. Mwenye mojawapo ya dalili hizi asianze kuhesabu dakika. Aondoke.

Msikilizaji, haya yote hayaondoi wajibu wa serikali. Serikali ya Kaunti ya Mandera ina deni la nyumba za kusubiria wajawazito penye hospitali zenye chumba cha upasuaji na damu, ambulensi yenye mafuta, na wakunga wa kike wa kutosha ili haya isiwe sababu ya mama kubaki nyumbani. Madiwani na mbunge wa Lafey waulizwe habari hiyo bajeti inapojadiliwa, na waulizwe kwa jina la kila kata. Lakini wakati deni hilo likidaiwa, swali la nyumbani linaweza kubadilika leo hii bila bajeti. Mama mkwe akiona tumbo limekaza huuliza: ni uchungu wa kweli au wa uongo? Ni swali zuri, ila lina la kulitangulia, na hilo liulizwe mwezi wa nane unapoisha, mume akiwa bado yupo na barabara ikiwa bado kavu: siku uchungu ukija, wa kweli au wa uongo, utamkuta mama akiwa wapi? Nyumba iliyo na jibu la swali hilo itaweza kuzitumia dalili zote nilizozitaja. Nyumba isiyo nalo itazitambua dalili sawasawa, na bado itabaki kungoja gari.